Seti ya Kaure Aliyoiacha Mama: Yatoka Wapi, na ni ya Nani?



Wasomaji wetu watukufu, juma hili twalishika suali lililotoka kwa dada mmoja, mkubwa katika ndugu wanne, na twalieleza kwa idhini yake na idhini ya nduguze bila kutaja jina la mtu wala mtaa. Mama yao alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha nyumba, dhahabu kidogo, na kabati la vyombo. Nyumba haikuwagombanisha. Dhahabu ilipimwa kwa sonara, ikagawanywa mchana mmoja. Kilichowakalisha barazani siku tatu, mpaka wengine wakaacha kusemezana, ni seti ya vyombo vya kaure vyenye maua ya waridi na ukingo wa dhahabu.

Huenda wako watakaocheka. Sisi hatukucheka. Tumekaa na watu wa mirathi miaka mingi, na tumeona kwamba mali kubwa hupelekwa kwa kadhi na kwa wakili, ikapata hati na mihuri, lakini kitu kidogo chenye harufu ya mama hubaki hakina mwamuzi. Hicho ndicho kipasuacho undugu.

Tuvieleze kwanza vyombo vyenyewe. Ni vipande 36: sahani pana 12, sahani za kina 11 (ya kumi na mbili ilivunjika katika harusi ya mtu), visahani 6, makombe 4 ya kupakulia, mabakuli mawili yenye vifuniko, na chombo kimoja cha mchuzi chenye mdomo uliochongoka kama omo ya jahazi. Juu ya asili yake kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Dada mkubwa alisikia kwamba babu yao mzaa mama aliileta kutoka Bombay kwa jahazi. Wa pili ashikilia kuwa ilinunuliwa mnadani, Mzungu mmoja alipofunga nyumba yake na kurudi kwao. Wa tatu, na hapa ndipo palipoingia moto, alisema seti hiyo si ya mama hata kidogo: iliwekwa amana na jirani aliyehama asirudi. Kaka yao, ambaye ndiye mdogo wao, alisema vyombo ni mambo ya wanawake, wafanye wapendavyo. Na juu ya hayo yote akaja mnunuzi wa vitu vya kale, akaigeuzageuza sahani moja, akasema ni takataka ya mnadani, naye atawasaidia kwa kuwatolea shilingi 15,000.

Basi suali lilikuwa na vichwa viwili: vyombo hivi vyatoka wapi, na vyombo hivi ni vya nani. Mtu aweza kudhani kwamba la kwanza ni la watu wa makavazi na la pili ndilo la watu wa dini. Katika mambo haya hayatengani, kama tutakavyoona.

Sisi watu wa pwani tukiona chombo cheupe kinachong'aa, ulimi hutangulia kusema ni cha Kichina. Tuna sababu. Katika majumba ya kale ya Lamu, ukuta wa ndani hujengwa zidaka safu kwa safu, na humo ndimo mabibi walimopanga sahani na mabakuli yaliyokuja na pepo za msimu. Pale Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, iko nyumba iitwayo hadi leo Nyumba ya Bakuli la Kaure kwa sababu ya kilichopatikana ndani yake. Mambrui lipo kaburi lenye nguzo, na katika nguzo hiyo yamepachikwa mabakuli ya Kichina, yakitazama bahari. Hata jahazi la vita la Wareno lililozama chini ya Fort Jesus mwaka 1697, Santo António de Tanna, lilipopigiwa mbizi na wataalamu katika miaka ya 1970 lilitolewa kaure ya Uchina pamoja na mizinga.

Na Waislamu wana sehemu yao katika habari hii, nasi twapenda watoto wetu waijue. Wafinyanzi wa Basra, katika zama za Bani Abbas, waliona vyombo vyeupe vya Uchina, wakakosa udongo wake, wakabuni rangi nyeupe ya kuupaka udongo wao wa manjano na kuuchora kwa buluu. Karne kadhaa baadaye Wachina wenyewe wakaagiza buluu ya Uajemi kwa ajili ya vyombo vya Jingdezhen, vile vyeupe kwa buluu ambavyo dunia nzima ikavitamani. Zipo hata kaure za enzi ya mfalme Zhengde, aliyetawala kutoka 1505 hadi 1521, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, alipofika Uchina aliandika jinsi kaure ifanywavyo na jinsi isafirishwavyo mpaka kwao Maghribi. Katika kasri la Topkapı mjini Istanbul vimehifadhiwa vipande zaidi ya 10,000 vya kaure ya Kichina, navyo masultani waliviweka kwa kulia, si kwa kutazama tu.

Lakini si kila ng'ombe mweupe ni wa Sultani. Katika karne ya kumi na tisa vyombo vilivyomiminika pwani yetu vilitoka Ulaya kwa wingi. Mabakuli yenye maua makubwa ya rangi kali, ambayo wazee wengi wanayo mpaka leo na huapa kuwa ni ya Kichina, mengi yalifanywa Maastricht, Uholanzi, katika viwanda kama cha Petrus Regout, ambacho chapa yake ilikuja kuwa ni mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu. Navyo si kaure hasa. Ni udongo uliopakwa rangi ya kung'aa. Nyumba za biashara za Hamburg zilikuwa na matawi Unguja, na mizigo ya Wajerumani ilishushwa huko pamoja na mizigo ya Wahindi na Waarabu. Kwa hiyo seti kuletwa na jahazi kutoka Bombay hakuthibitishi kwamba ni ya Kihindi wala ya Kichina. Bombay ilikuwa bandari. Kilichotoka bandarini huenda kilikuwa msafiri tu.

Tuliomba tuletewe sahani mbili, kombe moja na kile chombo cha mchuzi. Sisi si mabingwa wa vyombo, lakini yako mambo ambayo mama yeyote aweza kuyatazama mezani pake, na twayaeleza kwa kuwa tunajua nyumba nyingi zina kabati kama hilo.

La kwanza ni mwanga. Shika sahani mbele ya dirisha, weka vidole nyuma yake. Kaure ya kweli, iliyochomwa katika moto wa kiasi cha nyuzi 1,300, hupitisha mwanga, ukaona kivuli cha vidole vyako. Udongo wa kawaida hauonyeshi kitu. Kisha pindua chombo utazame ule mviringo unaokalia meza, ambao haukupakwa kitu: katika kaure ni mweupe na mgumu, wala haunywi maji. Kisha ning'iniza sahani kwa vidole, uigonge kwa ukucha. Nzima hulia kama kengele; yenye ufa hata wa unywele hutoa sauti ya kopo. Vyombo vya marehemu vilipita mitihani yote mitatu, isipokuwa sahani moja iliyolia kopo, na dada wa pili akakiri kwamba aliiangusha yeye alipokuwa msichana wa miaka kumi, akairudisha kabatini bila kumwambia mama. Walicheka wote, kwa mara ya kwanza katika siku hizo.

Umbo nalo husema. Chombo cha mchuzi chenye mdomo wa jahazi, sahani za kina za supu, mabakuli yenye vifuniko: hiyo ni meza ya Mzungu. Wachina na Wajapani walitengeneza maumbo hayo pia kwa kuagizwa, kwa hiyo umbo peke yake halitoshi. Tukachukua kioo cha kukuzia. Waridi lililochorwa kwa brashi huonyesha mikwaruzo ya nywele za brashi, na hakuna mawili yanayofanana. Lililobandikwa kwa karatasi ya chapa huonyesha nukta ndogondogo, na kila sahani ina jani lile lile mahali pale pale. Haya yalikuwa ya nukta. Dhahabu ya ukingoni tu ndiyo iliyotiwa kwa mkono.

Chini ya vipande karibu vyote palikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, basi. Lakini chini ya kombe kubwa palikuwa na chapa ya kijani, imefifia, na herufi tatu za mwisho zasomeka: RIA.

Yaweza kuwa Bavaria, iliyo jimbo la Ujerumani. Yaweza kuwa Austria. Na la kustaajabisha ni kwamba tofauti hiyo yaweza kuwa ni mwendo wa asubuhi moja. Mji wa Selb, wenye viwanda mashuhuri vya kaure, uko Bavaria karibu kabisa na mpaka. Ng'ambo ya mpaka ni nchi ya Bohemia yenye viwanda vingine kuuzunguka mji wa Karlsbad, na nchi hiyo hadi 1918 ilikuwa chini ya Austria, ndipo ikawa Chekoslovakia. Tena viwanda vingi viliuza vyombo vyeupe vitupu, na karakana nyingine ikavinunua na kuvitia maua. Chapa ya kijani iliyo chini ya ung'avu huwa ni ya kiwanda, na iliyo juu yake, inayokwaruza kidole, mara nyingi ni ya mpambaji au mwenye duka. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za nje zibebe jina la nchi zilikotoka, na tangu hapo viwanda vya Ulaya vikazoea kulipiga. Kwa hiyo chombo chenye jina la nchi kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Hapo tukasimama. Ya Kichina, hapana. Takataka, hapana vilevile. Ni kaure ya Ulaya ya kati, ya kiwandani, nzuri, ya kitambo.

Sasa turudi kwenye la pili, nalo ndilo lililotuchukulia muda mwingi zaidi.

Tulianza na dai la amana, kwa sababu likisimama hilo, mengine yote yaanguka. Kilicho amana si mirathi. Hakigawanywi hata kama kimekaa kabatini miaka hamsini. Tukamuuliza dada wa tatu amejuaje. Akasema kwamba walipokuwa wadogo, kila wakikaribia kabati, mama alikuwa akiwakemea: "Msiguse, vyombo vya watu hivyo!" Nasi tukamuuliza kwa upole: je, mama yako alikuwa na kitu chochote katika nyumba ile ambacho hakikuwa cha watu, siku mlipotaka kukigusa? Kina mama wa mji huu huwaambia watoto hivyo juu ya mto wa kitanda, juu ya saa ya ukutani, juu ya halua iliyowekewa wageni. Ni njia ya kutisha, wala si ushahidi.

Hata hivyo hatukulipuuza. Msingi wa sheria ni kwamba kilichoko mkononi mwa mtu ni chake mpaka anayedai kinyume alete ushahidi, na uvumi hauondoi mkono. Lakini msingi huo ni wa mahakama. Mrithi mwenye khofu ya Mola wake hatosheki na kwamba hakuna wa kumshtaki, hutafuta kujua. Tukawaelekeza kwa shangazi yao, bibi mwenye umri mkubwa na akili timamu. Akasema aliviosha vyombo hivyo kwa mikono yake siku ya arusi ya marehemu, vilipokuwa vimeletwa pamoja na vyombo vya bibi arusi kutoka kwa babake, na jirani anayetajwa wakati huo hajahamia mtaa ule. Hapo dai la amana likaisha, na dada wa tatu akasema amepumua, kwa kuwa alikuwa akiogopa kula katika sahani ya yatima wa watu. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa khofu yake. Wengine walikuwa wamemwona ni mkorofi tu.

Ushahidi wa shangazi ulifunga na mlango mwingine. Vyombo ambavyo baba humpa binti anapoolewa ni mali ya binti, si ya mume wala ya jamaa za mume. Basi marehemu alivimiliki yeye, naye ndiye anayerithiwa.

Likabaki dai la dada mkubwa, kwamba mama alimwambia mara nyingi: "Vyombo hivi ni vyako wewe." Nduguze hawakukanusha, na wao waliyasikia. Dada huyu ndiye aliyemuuguza mama miaka sita, na kila moyo ulitaka avipate. Sheria huuliza neno moja: alivishika? Hiba, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, haitimii kwa ulimi peke yake. Hutimia mpewa anapokabidhiwa kwa idhini ya mtoaji. Vyombo vilibaki katika kabati la mama, ufunguo kifuani mwa mama, na mama akivitoa kwa wageni wake mpaka alipolala. Hiyo haikuwa hiba iliyotimia. Na kama maneno yale maana yake ilikuwa "nikifa vichukue", basi ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie baada ya kifo. Twawaomba kina mama watusikilize hapa. Ukitaka bintiyo apate kitu kwa mapenzi yako, mpe leo, mkabidhi mkononi, mbele ya nduguze, na uangalie usiwadhulumu wengine. Neno tamu la jioni lisilo na makabidhiano huacha kesi nyuma yake.

Basi seti ikawa mirathi. Gharama za maziko na madeni vilikuwa vimekwisha kutolewa, wasia hakuna, mume na wazazi walitangulia. Mtoto mume mmoja na wake watatu: mafungu matano, mawili yake na moja moja ya dada zake, kama ilivyoamuliwa katika Suratun Nisaa.

Na hapa ndipo suali la "yatoka wapi" lilipoingia katika haki. Seti haigawanyiki kwa mafungu matano. Sahani saba huku na kombe moja kule, na thamani imekufa. Njia ni mbili: kuiuza na kugawa fedha, au mmoja aichukue na kuwalipa wenzake mafungu yao. Dada mkubwa alitaka kuichukua. Lakini kwa bei gani? Ikikadiriwa kwa bei ya yule mnunuzi nayo ni kitu cha thamani, amewapunja nduguze. Ikikadiriwa kuwa ni ya Uchina ya miaka mia tatu, nayo ni ya kiwanda cha Bavaria, amepunjwa yeye. Udongo wa sahani ukawa ni mizani ya haki ya watu wanne. Tukawaambia: tafuteni watu wawili wajuao, wasio na nia ya kununua, muwaonyeshe chapa, zile nukta na sahani yenye ufa, msifiche kitu. Walifanya hivyo, na wakakubaliana wote juu ya shilingi 40,000. Kwa hesabu hiyo fungu moja ni 8,000. Dada mkubwa ana lake. Atawalipa dada zake 8,000 kila mmoja na kaka yake 16,000.

Kaka, aliyekuwa amesema mambo ya wanawake, tulimtaka ayasikie makadirio kwanza kabla ya kusamehe. Kusamehe usichokijua kwaweza kugeuka majuto, na majuto hugeuka maneno. Aliposikia, alisamehe 16,000 zake zote kwa radhi. Dada wa pili hakusamehe, alitaka 8,000 yake, na jamaa fulani wakamnong'ona. Sisi twasema asinong'onwe. Ni haki aliyopewa na Muumba wake. Kusamehe ni ihsani, na ihsani haidaiwi. Dada mkubwa atamlipa kwa miezi minne, na deni limeandikwa na kushuhudiwa, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni, wala haikuwatoa ndugu.

Tuseme neno juu ya yule mnunuzi, maana wako wengi kama yeye, na nyumba zilizobaki na zidaka tupu twazijua. Baada ya kukataliwa, alirudi na bei mara mbili ya ile ya kwanza. Kijana wa jamaa alikuwa ameshapita dukani kwake, akaona mabakuli ya maua ya aina ile ya Uholanzi yameandikiwa kuwa ni ya kale ya Uchina. Chombo kile kile, kinaponunuliwa ni takataka, kinapouzwa ni hazina. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini pameloa, akamkaripia muuzaji kwa kuficha maji chini ya kikavu. Kubandika jina la Uchina juu ya chombo ambacho hujui kilikotoka ni kikavu cha juu. Mwenye kuuza na aseme: sijui, tazama mwenyewe, na ufa uko hapa. Na wasomaji wajue pia kwamba sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 yakihesabu kuwa ni cha kale kila kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na nyaraka, na kitu kama hicho hakitolewi nchini bila kibali. Mwenye mabakuli ya nyanya wa nyanyake asimkabidhi mgeni wa siku mbili aliye na tikiti ya ndege.

Mke wa kaka alituuliza kuhusu ule ukingo wa dhahabu, kwa kuwa amesoma kwamba tumekatazwa kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Katazo ni sahihi na halina shaka. Ama kilichopakwa, wanazuoni wa madhehebu yetu wametazama wingi wake: kama kikitiwa motoni dhahabu itachuruzika na kukusanyika, ni haramu kukitumia, kama ni rangi tu isiyotoka chochote, inajuzu. Utando wa ukingo wa sahani hizi ni wa namna ya pili. Anayeona uzito moyoni na aviache, asiwaharamishie wengine.

Na mwingine akauliza kama moja ya sahani zile yafaa kuandikiwa kombe la zaafarani la mgonjwa. Hatutaingia leo katika maneno ya kombe lenyewe, ila kwa sahani: chagua nyeupe tupu, isiyo na maua wala dhahabu ndani yake, isiyo na ufa. Rangi za zamani zilizotiwa juu ya ung'avu zaweza kuwa na risasi, na mgonjwa hatafutiwi shifaa katika sumu.

Kwa sababu hiyo hiyo, vyombo vya kale vyenye maua ndani msivihifadhie achari, ukwaju, siki wala ndimu, maana ukali huivuta risasi itoke. Wajawazito na watoto ndio wa kuhadharishwa zaidi. Wali mkavu uliopakuliwa wageni kwa saa moja si sawa na achari iliyokaa wiki nzima. Osheni kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu, kimoja kimoja, na kitambaa chini ya beseni. Wala msikitie chenye ukingo wa dhahabu ndani ya maikrowevu, kitatoa cheche. Mnapovipanga, tieni karatasi laini kati ya sahani na sahani, na vikombe msivitundike kwa masikio.

Seti sasa iko kwa dada mkubwa. Katika karatasi ya mapatano, mahali pa asili, wameandika "Bavaria au Austria", wakatia saini wote wanne, na shangazi akatia kidole gumba.

Wiki ijayo, inshallah, tutajibu suali la mama wa Malindi kuhusu mkopo wa chama alioweka pete zake rehani. Wabillahi tawfiq.